Kifua cha Ramadhani Kalisa

Mwaka 1984 kazi yangu ilikuwa kukumbatia miti. Nilimaliza sekondari, ofisi zikanikataa, nikashika utepe wa kupimia kwenye kilima cha Gatsata. Mtaani kwetu Nyamirambo wenzangu walisema nimepata wachumba wengi, tena wasio na mdomo.

Shefu wangu, yaani mkuu wa kazi, alikuwa Munyaneza, agronomu, mtaalamu wa mimea. Alitaka kujua jambo moja: misonobari ya kilima kile itakuwa na uzito gani baada ya miaka kumi, shina, matawi na majani, ikiwa ng'ombe wanalishwa chini yake. Hatukuwa tunakata kitu. Unapima unene wa shina usawa wa kifua, unangoja mwaka, unapima tena, halafu hesabu inakuambia yatakayokuja. Upande mmoja wa kilima ulizungushiwa seng'enge, na huko Shefu alipima mwenyewe miaka yote miwili. Upande wa pili walilishwa ng'ombe wa Mukarugwiza.

Mukarugwiza alikuwa mjane wa Ramadhani Kalisa, mpimaji aliyenitangulia upande huo, ambaye homa ilimchukua wakati wa masika. Maziwa aliyouza sokoni Nyabugogo ndiyo yaliyowalisha watoto. Malisho mengine hakuwa nayo.

Hesabu zikatoka mbaya. Ndani ya seng'enge miti ilikuwa imenenepa vizuri. Upande wa ng'ombe haikuongezeka hata unene wa uzi. Munyaneza, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe wanakanyaga mizizi, waondoke Jumatatu. Akanituma nimwambie mjane. Nilitafuta utani njia nzima, nikakosa.

Mukarugwiza hakulia. Alijifunga kitenge chake, akapanda nami mpaka kwa Shefu, akamuuliza alipima wapi. Munyaneza akaeleza kwamba alama za chokaa alizoweka marehemu zilikuwa zimefutika, maana ng'ombe hujikuna kwenye mashina, basi safari hii aliniwekea utepe penye kifua chake mwenyewe. Kitabu kinasema kifua, na kifua ni kifua.

Mjane akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia. Munyaneza ni mrefu. Mimi kwa siri nilimwita Mnara.

"Shefu, Ramadhani alinifikia hapa," akasema, akigusa sikio lake. "Kifua chako wewe, yeye angekipandia ngazi."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Shina ni nene chini na jembamba juu. Marehemu alipima chini, Shefu akapima juu, na ukuaji wa mwaka mzima ukapotelea katikati ya vifua viwili.

Munyaneza akavua kofia. Akauliza kama kuna lolote la marehemu linaloweza kuonyesha kimo chake.

Baada ya eda nguo zote zilikuwa zimetolewa sadaka, isipokuwa kanzu ya Idi, aliyoishona baba yangu, fundi wa nguo mtaa wa Biryogo, ya kufika vifundo vya miguu. Mukarugwiza alishuka kuileta. Aliinua mabega ya kanzu kwenye shina mpaka pindo likakaa pale ambapo vifundo vingekuwa, kisha akaweka kidole kwenye kifungo cha tatu.

"Ni hapa. Mashati yake ya kazi yote niliyafua utomvu mahali hapa hapa."

Upepo ukaijaza mikono ya kanzu. Nikapima. Munyaneza akapiga hesabu, akairudia. Mti ulikuwa umenenepa. Si kama ile ya ndani ya seng'enge, hilo hakulificha, lakini ulikuwa umenenepa.

"Ng'ombe je?" mjane akauliza.

"Watabaki, mama. Ila tupime miti yote hivi hivi."

Akanyoosha mkono apokee kanzu. Mukarugwiza hakumpa. Aliibeba mwenyewe, mti hadi mti, ameishika mabegani kama mtu anayemsimamisha mgonjwa, mpaka adhana ya magharibi ikasikika kutoka bondeni. Na mimi, kila nilipozungusha utepe, mikono yangu ilipita juu ya kifua kile, na kila mara nilimbishia marehemu hodi kwa sauti ndogo.