Wa Kumi na Saba Analala Bure

Ofisi ya wakala wa safari ilikuwa na joto kuliko nyumbani kwake, na hilo peke yake lilimfanya Nunziata asiwe na haraka. Alikuwa ametumwa. Waliomtuma walikuwa mabwana wanane waliochomelea chuma pamoja na marehemu mumewe katika kiwanda cha meli cha Castellammare, tangu wakiwa bado na nywele vichwani, pamoja na wake zao. Swali walilompa lilikuwa moja tu. Ile safari ya meli ya mwezi wa Mei, siku saba kutoka Naples, walipe kwa bei ya kundi, au kila nyumba ijilipie kivyake? Walimchagua yeye kwa sababu alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na, kama alivyosema Aniello, shemeji Nunziata hapigwi chenga na mtu wa ofisini.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Catello, mumewe. Miaka arobaini walikuwa wakiunda meli, wanazitazama zikiteleza kuingia majini, zinakwenda kuwabeba watu wengine. Catello alikuwa akisema siku moja watapanda wenyewe, na akifika atashuka chini kabisa kuangalia kama mshono wake wa kuchomelea bado umeshika. Wenzake walikuwa wakicheka, lakini walikuwa wakimwamini. Halafu moyo wake ukamsaliti wakati wa baridi ya mwaka juzi, na watu kumi na wanane wakawa kumi na saba.

Tangu mazishi, mambo yalikuwa yamebadilika bila mtu kuyatangaza. Zamani alialikwa kila Jumapili. Ikawa Jumapili moja moja, kisha sikukuu tu. Hakuna aliyemkosea. Wanaume walikuwa wakiulizana nani wa kucheza naye karata, wanawake wakiulizana akae upande gani, na mwishowe ikawa rahisi zaidi kusahau kumpigia simu. Kwa hiyo Titina, mke wa Aniello, alipoifufua ile habari ya meli na kumwambia na yeye yumo, Nunziata alifurahi mpaka akajionea haya, mwanamke wa miaka sabini na moja kufurahi kama msichana aliyealikwa dansini. Alichotaka kujua hakikuwa bei. Alitaka kujua kama bado ni mmoja wao.

Msichana wa ofisini, Ivana, aliigeuza kompyuta ili naye aone.

"Bei ya kundi inaanzia vyumba vinane, mama. Nyinyi mna vyumba vinane vya mtu na mkewe, halafu wewe. Hapo mmepata. Wakilipa watu kumi na sita, wa kumi na saba analala bure. Wewe utalipa kodi za bandari tu, na bahashishi za wahudumu."

"Na kila mtu akijilipia?"

"Kuna punguzo sasa hivi, linaisha Jumatatu. Mume na mke wakikata tiketi wenyewe, wanaokoa yuro sitini kwa chumba." Ivana alisita kidogo. "Ila wewe ndiye utakayeumia. Chumba kinauzwa kwa watu wawili. Ukiwa peke yako unalipa vitanda vyote viwili."

"Yaani nimlipie na marehemu."

Ivana hakujua acheke au aombe radhi, akamwongezea peremende kwenye kisahani.

Nunziata alipiga hesabu mara mbili nyuma ya bahasha, kwa mkono wake wa kikarani. Ukiwachukua wote kwa pamoja, bei ya kundi ilishinda kwa mbali, karibu yuro elfu moja. Lakini hakuna mtu anayeishi kwa pamoja. Kila mtu anaishi kwake, na kila nyumba, isipokuwa ya kwake, ilikuwa inapata hasara ya yuro sitini ili yeye alale bure. Kwa kichwa, thelathini. Pizza na bia, na kahawa ya kushushia. Yeye mwenyewe, kwa pensheni ya ujane, asingeweza kulipia vitanda viwili hata angefunga mwaka mzima.

Alikwenda kukaa kwenye benchi la ufukweni, akaufunga vizuri mtandio, akaanza kuwaza mambo ambayo hakujua kama anaweza kuyawaza. Angewaambia bei ya kundi tu. Angesema nimeuliza, ndiyo nzuri, tulipe. Ya punguzo angeyaacha palepale kwenye ile kompyuta. Nani angejua? Aniello alikuwa akiteketeza yuro sitini za bahati nasibu kila mwezi, na hapo hata haulizwi. Pasqualina, rafiki yao mwingine, alimnunulia mbwa koti la yuro sitini. Isingekuwa wizi. Ingekuwa kunyamaza tu, na kunyamaza wao pia walikuwa wakikujua, maana kwa miaka miwili walikuwa wakimnyamazia vizuri sana.

Lakini wazo lile lilimkera, na si kwa sababu ya uchaji. Lilimkera kwa sababu safari ya hila isingemjibu swali lake. Angekaa nao mezani siku saba, akitazama nyuso zao, asijue kama wamempenda au wamedanganywa. Akakata kauli kusema yote. Tena alikuwa na hakika yao. Alishaanza kumsikia Aniello akisema, sitini ndiyo nini, shemeji, acha upuuzi.

Alipokuwa anapanda ngazi za mtaani kwao alimkuta Titina kwa muuza samaki, naye akamvuta kando kumuuliza yamekwendaje. Nunziata akamwaga yote: punguzo, Jumatatu, sitini, kitanda cha bure. Titina alimsikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono, akamwambia, "Shoga, wewe ni dhahabu," kisha akasema tutaamua sote Jumapili, kwake, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Ilikuwa Jumatano. Nunziata alifika nyumbani mwepesi, akalitoa sanduku la safari juu ya kabati akalipangusa vumbi.

Jumapili alikwenda na chupa ya pombe kali ya limau aliyoitengeneza mwenyewe. Wote walikuwa wamefika kabla yake, jambo ambalo alilitilia maanani baadaye. Titina alikuwa ameweka sinia mbili za maandazi ya Mtakatifu Yosefu, yale ya krimu na cheri nyeusi juu, na kila mtu alikuwa akimlazimisha ale. Kula jingine, Nunziata. Umekonda, Nunziata. Alikuwa hajawahi kukirimiwa vile hata siku ya arusi yake. Walimsifu kwa kwenda ofisini, wakasifu hesabu zake na mwandiko wake, wakaipitisha ile bahasha mkono kwa mkono, na kila aliyeipokea aliinamisha kichwa kwa heshima na kumpa jirani.

Akaeleza tena, taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wazazi karo. Alipofika kwenye yuro sitini hakumtazama mtu. Alimaliza, akasubiri kusikia acha upuuzi.

Aniello akakohoa.

"Mimi pesa si kitu, shemeji. Sijui wenzangu." Wenzake wote wakasema pesa si kitu. "Tatizo langu ni jingine. Tutakuwa kumi na saba."

Nunziata alidhani anatania. Kumi na saba ni nuksi, hilo kila mtu wa mji ule analijua kabla ya kujua kusoma. Kuna nyumba zinazoruka kutoka namba kumi na sita kwenda kumi na nane. Lakini hawa walikuwa watu wazima, na kumi na saba walikuwa tangu Catello afe, wala hakuna aliyekufa tena.

"Majini," alisema Titina, uso umejaa huruma. "Nchi kavu ni nyingine. Watu kumi na saba, meli moja, siku saba. Mimi nisingepata usingizi, kwa kweli. Na Catello mwenyewe asingekubali, unamjua alivyokuwa."

Catello alikuwa akivaa viatu vya marehemu baba yake na kufungua mwavuli ndani ya nyumba makusudi ili kumuudhi mama mkwe. Nunziata alisikia jina la mumewe likitumiwa kama kitambaa cha kupangusia meza, na damu ikaanza kumchemka. Wale wanaume waliogusa chuma maisha yao yote walikuwa sasa wanagusa miguu ya chuma ya meza kukinga nuksi, mmoja baada ya mwingine, kwa nyuso za msiba. Angeweza kuondoka. Lakini aliyeshika kalamu miaka thelathini hakosi kuona namba inapokosewa.

"Kama ni hilo, limekwisha," alisema. "Binamu yangu Ersilia wa Gragnano naye ni mjane. Kila siku anasema twende mahali. Yeye nami tutashika chumba kimoja, tutalipa kama mtu na mkewe. Mjilipie kivyenu na punguzo lenu, na sisi letu. Tutakuwa kumi na wanane, na hakuna atakayetoa hata senti kwa ajili yangu."

Alitegemea waone haya, au wafurahi. Hawakufanya lolote. Titina alimtazama Aniello, Aniello akaitazama sinia. Ilikuwa wazi kuwa wamefungiwa njia ya kutokea na hawakuwa wameandaa nyingine.

Vicienzo, mume wa Pasqualina, alikuwa kiziwi tangu siku za nyundo na alipitwa na nusu ya maneno kila mara. Alimwinamia mkewe akauliza kwa ile sauti yake ya kiwandani, "Anasema alipe? Mwambie amechelewa. Si tulishalipa Ijumaa?"

Pasqualina alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini mguu hauwezi kurudisha maneno.

"Ijumaa," alisema Nunziata.

"Punguzo lilikuwa linaisha, shoga," alisema Titina haraka. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia. Tulikwenda tu kuulizia, na yule msichana akasema vyumba vinakwisha, basi. Meza zenyewe za melini ni za watu wanane. Wanane na wanane. Tukasema tusikuumize, tutafute namna nzuri ya kukuambia."

"Na hii ndiyo namna nzuri."

"Shemeji, usilichukulie hivyo," alisema Aniello.

"Umenifanya mimi kuwa nuksi, Aniello. Mbele ya watu. Ungesema sitini ningekusamehe. Sitini ni pesa, hata mimi naujua uchungu wake." Akaisogeza sahani yake. "Siku ile ya jeneza la Catello ulinishika bega ukasema kwetu utakuwa na nafasi daima. Kumbe nafasi yenyewe ina bei, na bei yenyewe ni pizza na bia."

Vicienzo aliuliza kuna nini, na mkewe akamkanyaga tena.

Huenda Pasqualina alitaka kulainisha mambo. Alikuwa mwanamke mwema kwa kiasi chake, mmoja wa wale ambao wakiona kidonda hukipaka chochote kilicho karibu. Akamsogelea Nunziata, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia, kwamba hata hivyo ni heri abaki mtu mmoja wa kuaminika mjini, maana kuna mbwa wake, kuna maua ya Titina, kuna barua, na wezi siku hizi. Walishazungumza kati yao. Wote wanane wangemwachia yeye funguo. Na kwa kuonyesha kuwa hasemi tu, akafungua mkoba akaweka wa kwake mezani, kando ya sahani ya Nunziata.

Nunziata aliutazama ule ufunguo kwa muda. Alijua kuwa kama angeuchukua, Jumapili ijayo wangemwita chakula, na nyingine pia, mpaka Mei. Angekuwa na pa kwenda. Ilitisha jinsi alivyotaka kuuchukua.

Akausukuma kwa kidole mpaka mbele ya Aniello.

"Nendeni kwa Ivana mkaulizie bei ya kundi," alisema. "Nyumba nane mkizilipia, huenda ya tisa ikalindwa bure."

Alivaa koti bila kusaidiwa. Titina alisema Nunziata jamani, mara moja, naye alikuwa ameshafunga mlango.

Ghorofa mbili za ngazi, na balbu mbovu. Alishuka mpaka kwenye kona ya kwanza akasimama, akajisingizia kuwa anafunga vifungo vya koti. Vilikuwa vinne. Alivifunga vyote, akavifungua, akavifunga tena, masikio kayatega. Mtu mmoja tu angetosha, hata Vicienzo. Angetoka mlangoni akasema rudi, tumekosa, naye angerudi, Mungu amsamehe, angerudi mbio na kula andazi jingine.

Mlango haukufunguka. Alichosikia ni miguu ya kiti ikiburutwa sakafuni, halafu ya kingine, na kingine. Walikuwa wanasogeleana kuziba pengo mezani. Kisha Aniello akasema jambo, na mtu akacheka, kwanza kidogo, halafu wote.