Kicheko cha Saa Tisa

Katika Kadutu yote, hapa Bukavu, hakuna mtu anayemtambua mlevi haraka kuliko mimi. Nipe hatua kumi tu, nitakuambia amekunywa nini na amekunywa kwa nani. Ndiyo maana siku nilipomwona Apolline, mtoto wa muzee Bisimwa, anapanda mlima akiyumba, kope zimelala, ulimi mzito, nilimtangaza pale pale kwenye robine ya maji, mbele ya ndoo zote: "Huyu amelewa!" Watu walicheka mpaka maji yakamwagika. Apolline alikuwa hajaonja hata kasiksi, ile pombe ya ndizi, ku arusi ya dada yake. Basi muniache niseme habari zake, mdomo wangu una deni.

Mwaka ule wa soixante-quinze, sabini na tano, alikuwa dactylo katika ofisi moja ya Serikali kule chini. Asubuhi vidole vyake vilikimbia juu ya mashine ya kuandika kama mvua kwenye mabati. Saa sita vilianza kutembea. Saa nane na nusu vilitambaa. Alikuwa anainua kope ya jicho la kushoto kwa kidole gumba, anasoma mstari, anaiachilia ianguke, anaandika alichokumbuka. Kisha anainua tena. Barua moja kwa Mukubwa ilimchukua saa nzima, na alipoimaliza mikono ilikuwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Saa tisa filimbi ililia. Wafanyakazi wote uani, kwa animation, ngoma za kukisifu Chama. Jumamosi ya juma lililofuata mgeni mkubwa angetoka Kinshasa, na ofisi ilipaswa kumpokea kwa nyimbo, makofi na meno.

Aliyepiga filimbi ni Citoyen Mushagalusa, mkuu wa wafanyakazi na mkuu wa ngoma. Kabla ya majina ya Wazungu kukatazwa aliitwa Modeste, na mama yake sokoni bado anamwita hivyo, kwa sauti, makusudi kabisa.

"Mikono juu! Citoyenne Bisimwa, weye pia!"

Mikono ya Apolline ilipanda mpaka mabegani. Ikatetemeka. Ikashuka.

"Na ucheke! Mugeni anakuja kuona bamama banafurahi, ao anakuja ku matanga?"

Apolline alicheka. Yeye alijua anacheka. Ndani, kila kitu kilikuwa tayari. Lakini pembe za mdomo zilikataa kupanda. Mdomo wa juu ndio ulionyanyuka peke yake, ukaonyesha ufizi, kama mbwa aliyekanyagwa mkia.

Mushagalusa alisimamisha ngoma.

"Munaona? Anakunjia Chama uso."

"Ninacheka, citoyen." Sauti ilipitia puani.

"Na pombe juu yake!"

Wenzake walicheka, wale waliokuwa na nguvu za kucheka. Katika ripoti Mushagalusa aliandika maneno mawili, ulevi na dharau, na akamtuma kwa muganga wa Serikali ili jambo liwe na muhuri.

Muganga alimpokea saa mbili asubuhi. Apolline alikuwa amelala usiku mzima, na usingizi ulikuwa umemrudishia mwili wake, kama kila asubuhi. Akaambiwa ainue mikono, akainua. Akaambiwa afunge macho kwa nguvu, akafunga. Akaambiwa acheke. Muganga mwenyewe alimwangalia kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

"Uko na meno mazuri. Ugonjwa iko wapi?"

"Docteur, uniite saa tisa. Saa tisa utaiona."

"Saa tisa? Maman, saa tisa muganga yuko kwake. Ugonjwa ambayo haiwezi kufika bureau saa mbili, hiyo ni uvivu."

Akaandika *apte*, anafaa kwa kazi. Akapiga mstari chini yake.

Jumapili, baada ya misa, Apolline alipanda lori mpaka dispensaire ya masista, njia ya Nyangezi. Alifika alasiri, amejishika ukutani. Sista Colombe, Mushi, kabila la hapo hapo, mwenye miguu mikubwa na haraka ndogo, hakumuuliza amekunywa nini. Alimwambia aangalie dari, asishushe macho.

Kope zilianza kuteremka zenyewe, polepole, moja mbele ya nyingine.

"Sasa uhesabu mpaka makumi tano, kwa sauti."

Kwenye ishirini na tatu sauti iliingia puani. Kwenye thelathini na moja haikusikika tena. Sista akampa kidonge kidogo cheupe na kikombe cha maji, akaenda kuchoma sindano za watoto. Aliporudi baada ya nusu saa, Apolline alikuwa amesimama dirishani. Kwenye kilima kulikuwa na mkaratusi. Miezi minne, kila alasiri, alikuwa anaona kila mti mara mbili. Huu ulikuwa mmoja.

"Hii ndiyo mwili yako," Sista alisema. "Mishipa inaita, lakini nyama haisikie. Nyama yako iko sawa na ule muzee wa barrière: asubuhi ukipiga honi anafungua mara moja. Ukipita na kurudi, ukipita na kurudi, mchana anasikia honi kwa mbali, kisha hasikie tena. Si pombe. Si sumu ya jirani. Na kama siku moja inafika ku nyama ya kupumulia, haitangojea tuongee."

"Itapona?"

"Itatulia, ukiwa na dawa kila siku."

"Na dawa?"

Sista aliangalia chupa. Akamhesabia sita.

"Zingine zinaagizwa Kinshasa, kwa bon, ile karatasi ya matunzo ya kazi yako. Lete bon, nitaagiza. Bila bon sina mulango ya kupitia."

Akamwandikia barua, na ndani yake jina refu la Kifaransa la ugonjwa. Apolline alilikariri ndani ya lori mpaka Bukavu: *myasthénie*. Alikuwa na furaha karibu ya mchumba, kwa sababu kitu chake sasa kilikuwa na jina.

Mpaka Ijumaa asubuhi vidonge vitano vilikuwa vimekwisha. Cha sita alikifunga katika fundo la kitenge, cha Jumamosi, cha mgeni.

Saa tisa kasoro alimpelekea Mushagalusa barua. Mushagalusa aliisoma mara mbili. Akavuta kiti.

"Kaa, maman."

Tangu aanze kazi pale hakuwahi kumwita hivyo.

"Basi uko mugonjwa kweli. Mimi nilikuwa nakuonea bure. Na hii kitu, inaponaka?"

"Haiponake. Lakini dawa inasaidia. Nilikuja juu ya bon."

"Haiponake." Alirudia taratibu, kama mtu anayeonja. "Maman, Sista wako ameandika hapa *chronique*. Mugonjwa asiyepona habaki mu kazi ya Serikali, ni sheria, siyo mimi. Jumatatu utaniletea ufunguo ya mashine."

"Na bon?"

"Bon ni ya bafanyakazi."

Uani watu walikuwa wameanza kujipanga. Apolline aliangalia barua juu ya meza; sasa aliiona mara mbili, na Mushagalusa wawili nyuma yake.

"Citoyen," alisema, "ile barua ni ya uongo. Miye nilimuomba Sista aandike. Siko mugonjwa."

"Hauko mugonjwa?"

"Muganga wa Serikali si aliandika *apte*? Ilikuwa uvivu."

"Na kasiksi?"

"Na kasiksi. Ninaachaka leo. Kesho nitacheza."

Mushagalusa aliegemea kiti, akakunja mikono.

"Basi cheka."

Kidonge kilikuwa katika fundo, na kidonge kinataka nusu saa. Apolline alicheka. Mdomo wa juu ukanyanyuka, pembe zikabaki chini, kisha taya lenyewe likaanguka wazi na likakataa kurudi. Akaweka kiganja chini ya kidevu, akalisukuma juu, akalishikilia pale kama mtu anayewaza jambo la maana. Mate yalimponyoka katikati ya vidole, yakadondoka juu ya sahihi ya Sista.

"Ni kicheko, hii?"

Alitaka kusema ndiyo. Puani ilitoka hewa.

Mushagalusa aliivuta barua kutoka chini ya mkono wake, akaifuta kwa mkono wa shati, kwa uangalifu, ili wino usiharibike.

"Maman Apolline," akasema kwa upole, akifungua droo ya mihuri, "unanidanganya."