Mashine ya Tatu Haikuzimwa

Léonie alimwamini Stanislas mpaka saa tisa alasiri ya Jumapili ile, na kama si ile diski, huenda angemwamini mpaka leo.

Ilikuwa mwaka 1992, Lubumbashi, wakati watu wa asili ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa makazini na majumbani. Dada yake Léonie alifukuzwa mji wa Kambove na watoto na sufuria mbili, akalala kituoni wiki tatu akingoja treni. Léonie naye ni Mkasai, ingawa alizaliwa Kamalondo, hapo hapo mjini, na hiyo Kasai yenyewe hajawahi kuiona. Alikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta katika kampuni moja ya madini. Stanislas, mwenyeji wa Katanga, alikuwa msaidizi wake miaka sita, na ndiye parrain, msimamizi wa ubatizo, wa Benita binti ya Léonie; ndiyo maana alimwita ma commère, mzazi mwenzake. Basi Stanislas alipomwambia kwamba wakubwa wamekubali abaki kazini, mradi atengeneze kopi nzima ya diski ya mfumo kabla vurugu hazijafika ofisini, Léonie alimshika mkono akalia. Alilia kwa shukrani, masikini!

Kazi hiyo haitaki mchezo. Kompyuta zilikuwa tatu, zote zikitumia diski moja. Ukitaka kuinakili kwenye kanda, unazima mbili na kubakiza ile moja inayonakili. La sivyo unanakili kitu ambacho mashine nyingine bado inakiandika, na siku ya shida kanda hiyo haitakufaa kitu. Stanislas alitumwa chumba cha pili kuzima mbili zile. Akaenda, akarudi.

"Ya tatu nayo umezima?"

"Nimezima yote, ma commère."

Kanda ikaanza kuzunguka. Baada ya dakika arobaini skrini ikatoa onyo: faili moja haikunakilika, kwa kuwa ilikuwa bado wazi kwenye mashine ya tatu. Jina lake: LISTE_DEPARTS. Orodha ya wanaoondoka.

Léonie hakuuliza. Alikwenda chumba cha pili, akaikuta mashine ya tatu macho na printa yake inatema karatasi. Majina yote yalikuwa ya Wakasai. La kwake lilikuwa la mwisho, na pembeni yake palikuwa na maneno ambayo wengine hawakuwekewa: baada ya kopi kumalizika.

Stanislas alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni weye uliandika hii?"

"Balinilazimisha. Bakubwa banataka liste kesho asubuhi."

"Na ile uliniambia, eti balikubali nibakie?"

Stanislas akainama kuokota karatasi zilizoanguka.

"Benita anakuita parrain, Stanislas."

"Nakuomba, ma commère, tumalize kwanza," alisema, macho chini. "Kama sauvegarde, hii kopi, haiko muzuri, ni miye batafukuza."

Tumalize kwanza! Hapo ndipo moyo wa Léonie ulipokatika zaidi, kuliko hata alipoliona jina lake kwenye karatasi. Alirudi, akaitoa kanda, akaandika juu yake kwa mwandiko wake wa siku zote: Si kamili, mashine ya tatu ilikuwa inafanya kazi. Akatia sahihi, akaweka funguo za chumba juu yake.

"Zima zote, uanze upya."

"Peke yangu sijue kufanya."

"Najua," Léonie alisema. "Njo maana jina yangu iko ya mwisho."

Akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani kufunga mizigo kabla Benita hajarudi kutoka kwaya.