Dobi wa Uzi wa Bluu

"Hebu soma tena pale anapouliza," Povu alisema, huku akinyunyizia maji shuka la tatu.

Mjukuu wake akaisogeza simu karibu na dirisha. Barua ilitoka kwa mhariri wa jarida la waandishi, lile la mtandaoni ambalo Povu alikuwa akilitumia makala tangu mvua zilizopita.

"'Bibi, makala yako ya udobi tumeipenda. Ila baada ya aya ya saba kuna shimo. Juu dobi ni wawili, wa uzi mwekundu na wa uzi wa bluu. Chini kabaki mmoja. Wa bluu alikwenda wapi? Tujazie leo kabla ya saa kumi, tunafunga toleo.'"

"Ana jicho huyo," Povu akasema.

Hiyo ilikuwa makala ya tatu. Ya kwanza mjukuu aliipamba, ikaanza na "Katika ulimwengu huu wa sayansi na teknolojia", ikarudi siku hiyohiyo: mwanzo huu tumeusoma mara mia. Ya pili Povu aliiandika mwenyewe kwa kidole kimoja, akaeleza sabuni kumi na moja na kazi zake. Mhariri akajibu kwamba ni orodha nzuri ya kubandika ukutani, lakini makala inataka mtu ndani yake. Mwingine angesusa. Ila aliyewahi kupambana na doa la kutu kwenye shati jeupe, kususa hakujui. Akaanza ya tatu, wiki sita nzima, akifuta na kuandika, akifuta na kuandika.

"Hii rahisi," mjukuu akasema. "Andika, 'Akahamia mji mwingine.' Maneno matatu, toleoni tumo."

"Akahama?"

"Bibi, nani atakwenda kumtafuta?"

"Hana haja ya kutafutwa. Anauza mafagio nyuma ya kituo cha mabasi."

Povu akachomoa pasi ukutani, akavaa viatu, akachukua simu. Saa ilikuwa saba na nusu.

Zamani walikuwa wawili kweli, yeye na Mvuke. Majina hayo waliyapata kwa tajiri wa udobi: huyu kwa kumaliza sabuni, yule kwa sababu pasi yake haikupoa. Kila dobi alishona uzi wake ndani ya kola ya nguo aliyoifanyia kazi, ili ikiharibika ijulikane mikono iliyoishika. Mwekundu wa Povu, bluu wa Mvuke. Siku moja Povu akaunguza mgongo wa shati la hariri la bwana harusi, alama pana kama jani la mkungu. Mvuke alikuwa amekwenda kuteka maji. Povu akafumua uzi mwekundu, akashona wa bluu. Mishono minne tu. Tajiri aliporudi hakuangalia uso wa mtu, aliangalia kola.

"Uzi hausemi uongo," akasema, na Mvuke akafukuzwa kabla jua halijageuka.

Miaka thelathini na miwili. Walikutana misibani, wakasalimiana, wakapishana.

Mvuke alikuwa kwenye kigoda, akikaza fagio kwa meno na mkono. Gauni lake lilikuwa na makunyanzi kama kawaida yake. Nguo za Mvuke zilitoka kwenye kamba zikavaliwa hivyohivyo.

"Kama ni mchango, sina," akasema bila kuinua kichwa.

"Si mchango. Ni makala."

"Makala ndiyo ugonjwa gani tena?"

"Ni maandishi. Naandika mambo ya udobi, jarida wanataka kuyatoa. Sasa nimefika kwako, nikaruka."

"Ukaruka nini?"

Povu hakukaa. Alilisema lote akiwa wima: shati, maji, uzi, mishono minne. Alipomaliza, Mvuke alikuwa bado ameuma kamba. Akaitoa mdomoni taratibu.

"Mimi nilidhani nilisinzia," akasema.

"Hukusinzia."

"Nilisema, labda nimeunguza nisijue. Maana uzi wangu ule, nauona kwa macho yangu. Nikasema mikono hii ina wazimu, itakuja kuunguza na mtoto. Sikushika pasi tena, Povu. Wanangu wamesoma mpaka wakamaliza na sare zilizokunjamana. Wenzao wakiwaita gazeti la juzi."

"Nilikuwa na mtoto mgongoni, nikaogopa..."

"Mimi nilikuwa na wawili!"

Mteja aliyekuwa akichagua fagio akaliweka chini, akaenda zake. Povu akainama, akaliokota, akalirudisha kwenye lundo.

"Umekuja kuomba msamaha au kuomba ruhusa?" Mvuke akauliza.

"Vyote. Msamaha unaweza kungoja. Ruhusa mwisho saa kumi."

Mvuke akasonya, lakini pembe ya mdomo ikamsaliti. "Mwanamke huyu! Hata dhambi zako zina haraka. Na nikikataa?"

"Naiondoa makala yote. Kuandika kwamba ulihama, siandiki."

Magari matatu yalipiga honi, yakaondoka. Mvuke akapindua ndoo kwa mguu.

"Kaa. Andika hapahapa, nione."

Povu akakaa juu ya ndoo, simu kwenye goti. Kidole kimoja, herufi kwa herufi. Mvuke akauza mafagio mawili na brashi ya kusugulia sakafu, akamkaripia mpita njia aliyekanyaga mali yake, na kila mara jicho lilirudi kwenye kile kidole. Saa tisa na dakika kumi akanyoosha mkono. Akasoma kwa kuchezesha midomo.

"'Nimeishi na moto kifuani miaka yote hii.' Toa hiyo."

"Ni kweli lakini."

"Moto gani? Ulikuwa unakula, unashiba. Si nilikuwa nakuona?"

Povu akaichukua simu, akafuta.

"Na hapa. 'Mwenzangu alikuwa dobi mzuri.' Mzuri kila mtu. Hata wewe watakuita mzuri."

Povu akafikiri. Akaandika kwamba mwenzake alikuwa akianza na kola, kisha mabega, mikono ikaja mwisho. Kwamba alipima joto la pasi kwa kuisogeza karibu na shavu. Kwamba alimaliza mashati arobaini kabla ya adhuhuri.

"Arobaini na sita," Mvuke akasema juu ya bega lake.

"Arobaini na sita."

"Haya. Na ile ya uzi hausemi uongo, iache. Imekaa."

Povu akasoma yote mara moja zaidi, kama anayepekua mifuko kabla ya kuloweka. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikapotea.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

"Wataitoa?"

"Hawajasema. Wakiirudisha, naandika tena."

Mvuke akaokota kamba yake. "Msamaha bado."

"Najua."

"Na usije kesho na uso huo wa kilio. Nikikutaka nitakuita."

"Nitakuja ukiniita."

Povu akajipangusa vumbi la ndoo, akaenda. Penye kona alisimama kumpisha mtu wa mkokoteni, akageuka. Mvuke alikuwa hajakaza fagio lolote. Alikuwa ameiinua mikono yake kwenye jua, anaitazama viganja, anaigeuza kwa nyuma, anairudisha viganja, polepole, kama dobi anayekagua nguo na haoni doa.