Wageni wa Ijumaa wa Maimunah

Haya niliambiwa na Zuleika Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, mvua ilipotukwamisha soko la Kalerwe chini ya turubai la muuza dagaa. Zuleika anakaa mtaa wa Kisenyi, na ukuta wake ndio ukuta wa Maimunah, tofali moja tu limewatenganisha. Asichokiona hukisikia. Nayaweka hapa kama alivyoyasema, ila matusi yake nimeyaacha palepale sokoni.

Yalianza siku ya Ijumaa. Maimunah alikuwa amekaa kwenye kigoda akipika gurusa, zile chapati nyembamba za Wanubi ambazo unga wake hulazwa mpaka uchachuke. Alikuwa amefika ya ishirini na mbili. Kwenye mlango wa nyumba palining'inia pazia la maua, kwa sababu mlango wenyewe haukuwapo.

Mlango huo ulikuwa wa mvule. Baba yake Maimunah aliuchonga kwao Bombo kwa mikono yake, na kila Idi alimsimamisha binti yake upande wa ndani, akakata alama kwa kisu juu ya kichwa chake. Maimunah alipoolewa na Jafar, mzee yule aliung'oa kwenye nyumba yake mwenyewe, akaupandisha juu ya lori, akasema binti yake haendi kulala mjini kwenye mlango wa bati. Miaka thelathini na nane Maimunah alilala nyuma ya mlango ule, na usingizi wake ulikuwa ukisifiwa mtaa mzima.

Mwezi wa nane Jafar aliuuza. Jafar ni fundi wa gia boksi kwenye magereji ya hapo Kisenyi, mtu mpole, mwenye mikono mizuri, lakini mpira ukianza akili yake hutoka kwenda kutazama. Aliyeununua ni meneja wa kituo cha kubeti cha pale kwenye kona, ambaye alitaka mlango usiovunjika. Pesa ile Jafar aliibetia yote kwamba mshambuliaji fulani ndiye atakayefunga bao la kwanza. Mshambuliaji alifunga mawili. Jafar akaenda kudai chake akiimba, na Juliet, binti anayekaa kwenye dirisha la kituo, akamwambia kwa upole kwamba kijana wake amefunga la pili na la tatu. La kwanza lilifungwa na mtu mwingine kabisa, dakika ya nne, Jafar akiwa bado anatafuta kiti.

Tangu siku ile Maimunah hakulala. Alijilaza akiangalia pazia, mkononi ameshika kifuniko cha sufuria. Paka aliingia. Upepo uliingia. Mlevi aliingia akitafuta nyumba nyingine, akaomba radhi, akatoka. Maimunah hakugombana na mumewe. Alimwambia jambo moja tu, asubuhi na jioni, kama mtu anayekunywa dawa alizoandikiwa:

"Jafar, nataka mlango wangu, nilale."

Basi Ijumaa ile, baada ya magharibi, pazia likasogea, akaingia kijana mwenye jezi nyekundu, kaptula nyeupe na soksi zilizopandishwa hadi magotini. Viatu vyake vilikuwa na meno chini na majani mabichi yameganda kwenye meno. Maimunah alimtazama miguu akamwambia avue viatu. Kijana akavua. Akaketi mkekani, akala gurusa tisa na mchuzi wa nyama, akanawa, akaweka mkono kifuani kushukuru, akatoka. Maimunah alifagia majani akayatupia mbuzi wa jirani.

Kwenye baraza ya ng'ambo hukaa Guerschom, fundi cherehani Mkongomani kutoka Bukavu, anayejua wachezaji wote wa Ulaya kwa majina, kwa namba na kwa wake zao. Alimwona kijana akitoka. Alisema tu kwamba huyo kesho anacheza, na kwamba Ulaya ni mbali, atachelewa. Hakuchelewa. Kesho yake alifunga bao la kwanza, dakika ya kumi na moja.

Ijumaa ya pili alikuja mwingine, mweusi, mrefu, wa jezi ya bluu, msemaji wa Kifaransa. Guerschom aliitwa kutafsiri.

"Mama, hii mutu anauliza kama pilipili iko."

Ilikuwapo. Kesho yake naye akafunga la kwanza. Hapo ndipo Guerschom alipoiacha cherehani yake na kumweleza Jafar kwamba mlango ukiondoka lazima kitu fulani kiingie, na kwenye nyumba hii kinachoingia ni mfungaji wa kwanza. Jafar alikubali bila ubishi. Nyumba nyingine huingiwa na panya.

Ungedhani mambo yangenyooka. Lakini kujua ni kitu kimoja na kubeti ni kingine, na Jafar alikuwa na njia zake za kukosea. Ijumaa ya tatu akaja wa jezi ya kijani. Jafar, badala ya kumbetia yeye, akaibetia timu yake ishinde, kwani aliona haya kujitafutia faida kwa mtu aliyekula kwake. Wa kijani alifunga la kwanza, halafu timu yake ikachapwa tatu. Guerschom akamfundisha kwamba bao la kwanza halijali nani ameshinda. Ijumaa ya nne akaja kijana mdogo amevaa kizibao cha wale wanaokaa benchi. Jafar akasema mtu wa benchi hafungi, akaacha. Kijana yule aliingia uwanjani dakika ya sitini, bado hakuna aliyeona wavu, na dakika ya sabini akafunga. Guerschom, aliyembetia, alinunua pasi mpya ya umeme, na jioni ile akainyoosha kanzu ya Jafar bure kumpoza.

"Baba Sumayiya," Maimunah alimwambia mumewe, "wewe ni mgonjwa, mganga anakuletea dawa mwenyewe, unampa chai anaondoka nayo."

Kisha akapanga. Yeye kubeti hakubeti, na mkono wake hautagusa tiketi, hilo alilisema mbele ya Zuleika kama shahidi. Lakini mlango ni wake, na mtu kurudishiwa chake si kamari. Meneja alikuwa amesema, kwa heshima zote, kwamba ataurudisha kwa bei mara mbili. Maimunah akaamuru kwamba Ijumaa ijayo mume wake asiseme neno, asifikiri neno. Ataandika jina la mgeni, mfungaji wa kwanza, basi.

Aliyekuja Ijumaa ile aliinama kupita. Alikuwa beki. Mabega yake yaligusa fremu huku na kule, na mgongoni jezi ilikuwa na jina ambalo Maimunah alilisoma herufi moja moja kwa kidole hewani: Ulrich. Kifaransa hakujua, Kiswahili hakujua, kwa hiyo Guerschom alibaki amesimama hapo na Kifaransa chake mfukoni.

Jafar alifurahi kupita kiasi. Mabeki hawafungi mara nyingi, na anayebetia beki awe wa kwanza hulipwa mara thelathini. Mshahara wake wa wiki moja wa gereji ungerudisha mlango, na bawaba, na rangi juu yake.

Maimunah lakini alikuwa anamtazama mgeni. Wageni wengine wote walikaa wakiangalia pazia. Huyu alikaa akiangalia ukuta wa ndani. Alikula gurusa moja, na hiyo aliimaliza kwa adabu tu. Alipoaga aliinamisha kichwa kwa muda mrefu, kama mtu aliyefika msibani na kukuta wenye msiba hawajajua.

"Huyu ana jambo," Maimunah alisema.

Guerschom alisema ni uchovu wa safari. Jafar, kama alivyoamriwa, hakufikiri neno. Akaenda kwenye kona kukata tiketi, na Zuleika akampa zake kidogo amwekee.

Jumamosi walijaa kwenye kibanda cha mpira. Dakika ya kumi na nne ikapigwa kona. Ulrich akaruka juu kuliko wote, akaupiga mpira kichwa, ukaenda wavuni kama umetumwa. Jafar na Guerschom wakakumbatiana. Wakacheza kidogo. Baadaye kidogo wakaona kwamba wanacheza peke yao, na kwamba kipa anayeokota mpira amevaa nembo ileile ya Ulrich, na kwamba Ulrich amelala kifudifudi kwenye majani na hataki kuinuka.

Jafar alikwenda kwenye dirisha na tiketi yake hata hivyo.

"Ulrich amefunga," alisema.

"Amejifunga, Mzee," Juliet alisema. "Hiyo hatuhesabu. Tunaiacha kama haikukuwa, tunangoja ingine."

"Refa ameihesabu."

"Refa, ndiyo. Sisi, hapana."

"Sasa bao la kwanza lilikuwa lipi?"

"Lile la pili, Mzee."

Jafar akalifikiria hilo akiwa amesimama. La pili alilifunga mtu ambaye hajawahi kula hata kipande cha gurusa. Akauliza sheria hii imeandikwa wapi. Juliet akaonyesha kwa kalamu upande wa mlango. Jafar akautazama mlango, akauona ni wa mvule, mzuri, hauna neno lolote. Akarudi nyumbani.

Maimunah alihadithiwa yote usiku uleule. Jumapili asubuhi alijifunga mtandio, akaenda kituoni mwenyewe. Hakuwahi kukanyaga mle ndani.

"Karibu, Hajati," Juliet alisema. Maka Maimunah hajafika, lakini binti alilelewa vizuri. "Leo unabeti?"

"Sibeti. Nimekuja kuona mlango wangu."

Mlango ule hushinda wazi kutwa nzima, umelazwa ukutani ili wateja wapite, kwa hiyo unaoonekana ni uso wa nje tu. Juliet alitoka kwenye dirisha lake, akauvuta kutoka ukutani. Upande wa ndani palibandikwa karatasi ya masharti, maandishi madogo kama mayai ya chawa, tena ya Kiingereza. Juliet akamsomea kwa Kiswahili chake: mchezaji wako aingie kabla ya bao la kwanza, akichelewa pesa yako inarudi. Dakika ni tisini na zile refa anaongeza, zaidi ya hapo hapana. Sharti la sita: bao la kujifunga, hapana.

"Karatasi iko hapa siku yote, Hajati. Ila mlango wenyewe hatufungi mpaka tumefunga kazi."

"Na wanaokuja wanaisoma saa ngapi?"

Juliet alifikiri kwa haki. "Hawasomi," alisema.

Maimunah akainama. Chini ya karatasi zilichungulia alama za kisu, na nyingine zilikuwa zimefunikwa. Akapima kwa shubiri kutoka sakafuni. Sharti la sita lilikuwa limekaa juu ya Idi ya mwaka alipokuwa na miaka saba, alipong'oka meno ya mbele na baba yake akamnunulia bisi badala ya miwa. Akamwomba Juliet aisogeze karatasi juu kidogo. Juliet akabandua gundi kwa kucha, akaipandisha shubiri moja, akaibandika tena sawasawa, kwani meneja alisema iwepo, hakusema iwepo wapi. Maimunah akazigusa alama zote. Zilikuwa tisa. Hakuna iliyopotea.

"Asante, mwanangu."

Juliet akaurudisha mlango ukutani, maana wateja walikuwa wanangoja, na maandishi yakatazama ukuta kama siku zote.

Jioni ile, baada ya magharibi, Maimunah alipika, ingawa haikuwa Ijumaa. Pazia likasogea. Ulrich aliingia ameshika viatu mkononi, ameshavivua nje bila kuambiwa. Safari hii alikula gurusa kumi na nne na sufuria yote ya mchuzi. Jafar, ambaye kutwa alikuwa ametayarisha maneno makali ya kumwambia, alimtazama akila, yakamwishia.

"Kile kichwa kilikuwa kizuri," alimwambia. "Goli tu ndilo halikuwa lenyewe."

Ulrich hakuelewa, ila aliitika. Aliponawa alisimama penye pazia. Akaingiza kidole kwenye matundu ambamo bawaba ziling'olewa, moja, la pili, la tatu. Akalishusha pazia, akalikunja vizuri, akamkabidhi Maimunah. Kisha akasimama ndani ya fremu, uso barabarani, mikono ameikutanisha chini ya kitovu kama mabeki wanavyosimama ukuta adui anapopiga mpira wa adhabu. Bega moja liligusa huku, lingine kule, na kichwa kikagusa juu. Upepo ulikuja ukarudi. Paka alikuja, akamtazama kwa muda, akaenda kwa Zuleika.

Maimunah aliswali isha, akatandika. Jafar alikuwa ameshajilaza. Aliuliza gizani kama kuna mechi Jumatano, na kama wa Jumatano naye anaweza kuwa beki, halafu kabla hajajibiwa akakoroma. Kule kwenye kona kituo kilikuwa bado wazi, na mlango wa mvule bado umelazwa ukutani. Ulrich naye akaanza kukoroma, amesimama vilevile, hakuyumba.

Maimunah alisikiliza makoromo mawili, moja la ndani na moja la mlangoni. Akakiweka kifuniko cha sufuria chini, akageuka upande mwingine, mgongo wake ukiangalia barabara kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane, akalala.