Trei Isiyofunikwa

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma, na mtaani wananiita Cheche. Moto naujua. Lakini kwa mama mkwe wangu, kila Jumapili familia ikikutana kula, kazi yangu ilikuwa moja tu: kuosha vyombo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa na miaka mitatu ya ndoa na jembe la jikoni, yaani mwiko, sijalishika. Iliniuma, nisiseme uongo.

Jumapili hiyo nikaomba nipike chakula kimoja: mboga za kuoka, za kuliwa pamoja na nyama anayopika mama mkwe.

Mama mkwe akanitazama juu hadi chini. "Haya, Cheche. Ila ukiharibu, unarudi kwenye sinki, na habari za kupika nisizisikie tena."

"Nisipoharibu je, Mama?"

"Kwanza usiharibu."

Oveni yake ilikuwa kabati. Tangu wanawe wamnunulie, kazi yake ilikuwa kutunza sufuria na mifuniko. Wifi yangu, binti yake wa mwisho, alinisaidia kuitoa mizigo huku akicheka. Nikaiwasha ishike moto wakati nakata boga, karoti, viazi na pilipili hoho. Kisha nikavikausha vipande kwa kitambaa, kama mtu anayefuta watoto waliotoka kuoga. Kazini nimejifunza kwamba chuma kikiwa na unyevu, kiungo kilichochomelewa hutoka na matundu, na boga nalo halitaki maji likienda motoni. Nikatia mafuta, chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu, nikatandaza kwenye trei, nikasukuma ndani. Halafu nikatoka kusalimia wageni, kifua mbele.

Niliporudi jikoni, hapakuwa na harufu yoyote. Nikafungua oveni. Juu ya trei yangu ulikuwa umekaa mfuniko wa sufuria kubwa kuliko zote.

"Nani amefunika?"

"Mimi," akasema mama mkwe, wala hakugeuka. "Nyumba hii chakula hakikai wazi. Chakula kisichofunikwa ni sawa na mtu asiyevaa nguo."

Nikauinua mfuniko, mvuke ukanipiga usoni. Boga lilikuwa limelegea, hoho zimenywea, maji yametuama chini ya trei. Hasira zikanipanda. Nikazimeza, maana ningegomba pale, ningejipeleka kwenye sinki kwa miguu yangu mwenyewe.

"Mama," nikasema, "hiki kinapikwa uchi."

Wifi alicheka mpaka akashikilia meza. Mama mkwe hakucheka, ila mfuniko hakuugusa tena.

Nikamwaga maji, nikazigawa mboga kwenye trei mbili zipate kupumua, nikapandisha moto hadi mwisho. Nikasimama mbele ya oveni kama askari wa zamu.

"Wifi, baba anauliza chakula," wifi akaninong'oneza.

"Mwambie kinakuja."

"Akinuna?"

"Anune. Atakula tu."

Harufu ikaja yenyewe, ya kitunguu saumu kwanza, kisha ya boga linaloiva kwa utamu wake. Nikageuza vipande mara moja. Viazi vilipokuwa vimeshika rangi ya kahawia na karoti zimekunjamana kingo, nikatoa trei zote mbili.

Mama mkwe akachukua kipande cha boga kwa vidole, kikiwa cha moto hivyo hivyo. Akatafuna taratibu. Akachukua cha pili, halafu kiazi.

"Nisingefunika," akauliza, "zingekuwa nzuri kuliko hizi?"

"Zingekuwa nzuri zaidi, Mama."

"Mh."

Mezani trei zilikwisha kabla ya nyama. Baba mkwe alifuta mafuta ya mwisho kwa mkate, na wageni wakajifanya hawakumwona. Nami nikasimama, nikakunja mikono ya gauni kuelekea kwenye sinki, kwa mazoea.

Mama mkwe akaniwahi. Alimkabidhi bintiye sabuni, akavuta viti viwili, kimoja akakalia, kingine akanionyesha.

"Kaa," akasema. "Jumapili ijayo tupike nini?"