Nesi wa Supu ya Pweza

Chupa ya uzazi ya Sista Zuwena ilipasukia penye mizani, siku ya kliniki ya watoto. Alikuwa amemning'iniza mtoto wa watu kwenye kikoba, anasoma kilo, mara akahisi maji ya moto yanamteremka miguuni mpaka kwenye kandambili. Akamaliza kusoma kilo, akaziandika kwenye kadi, akamshusha mtoto. Ndipo akashika ukingo wa meza.

"Haya," akasema. "Na mimi zamu yangu imefika."

Mabenchi yote yakasimama. Wanawake wale wa Mwera, karibu wote alikuwa amewazalisha yeye, na wote alikuwa amewafokea.

Zahanati ile ilikuwa na nesi mmoja tu, naye ndiye huyo. Mwenzake Praxeda alikwenda kufanya kazi Muscat, nafasi yake haikujazwa, na likizo ya uzazi ya Zuwena ikawa inangoja mtu wa kumpokea, mtu mwenyewe haji. Ndiyo dunia ilivyo sasa. Ulaya wanalia hawana manesi, Arabuni wanalia, wanakuja kuchota huku. Na huku nako kilio, huku Hosea, mtoto wa wakata mkonge, ana cheti cha uuguzi na leseni juu, miaka inakwenda anangoja ajira, anauza supu ya pweza nje ya geti la zahanati hiyohiyo!

Wakapiga simu kuita gari la wagonjwa. Dereva akajibu yuko ng'ambo ya mto, pantoni inangoja maji yajae. Wakampigia mganga wa zahanati, yuko kikaoni mjini. "Mwingizeni Hosea," akasema. "Leseni yake naijua."

"Mwanamume?" Bi Mwatumu, mama mkwe, akajifunga kanga upya kama anayekwenda vitani. "Mkwe wangu azalishwe na muuza pweza?"

Zuwena akayakumbuka yake mwenyewe. Mara ngapi Hosea amemwomba aingie ajitolee tu, naye akamkatalia kwamba wanawake wa hapa wakimwona mwanamume chumba cha uzazi watakimbilia kuzalia majumbani? Na utani juu yake: nesi wa pweza, ongeza pilipili. Sasa uchungu ukamkaba kiuno. Wa mtoto wa pili huo, na wa pili huja na haraka zake.

"Mama," akasema, "mikono yangu mwenyewe haifiki kule. Mwite."

Hosea akaingia ananukia tangawizi. "Shikamoo bibi." Akaitikiwa marahaba ya kukatwa kwa meno. Akanawa hadi viwikoni, akanawa tena, akavaa glovu. Bi Mwatumu akakaa kichwani pa kitanda, habanduki.

"Mkasi umechemshwa?" Zuwena akaanza. "Sindano ya kuzuia damu ivute sasa hivi, usingoje. Halafu lile dirisha..."

"Dada Zuwena."

"Nini?"

"Leo wewe ni mzazi. Nesi ni mimi."

Hakulisema kwa ukali. Lakini tangu Praxeda aondoke, Zuwena hakuwahi kuambiwa kwamba kuna mwingine zamu. Kitu kikamlegea mabegani. Kisha uchungu ukarudi, akapiga ukelele uliofika mabenchini.

Kule nje wakapokea kwa pamoja: "Nyamaza! Unapiga kelele kama wewe wa kwanza kuzaa!"

Neno lake mwenyewe hilo, na sauti wameiiga barabara.

"Hivi hawa wana adabu?" Zuwena akahema, anacheka na machozi yanamtoka.

"Wamefundishwa na nani?" akauliza Bi Mwatumu.

"Usisukume kwanza," Hosea akasema. "Pumua tu. Kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, nakitoa."

Zuwena alijua maana ya maneno hayo. Akamtazama Hosea usoni, kama wanawake wale walivyomtazama yeye miaka yote, akitafuta hofu. Hakuiona. Akapumua.

"Nimekitoa. Sasa, dada. Taratibu."

Mtoto wa kike akaja na mdomo wazi. Bi Mwatumu akapiga kigelegele, mabenchi yakaitikia, kuku wa uani wakatawanyika.

"Mikono mizuri," Bi Mwatumu akakiri, "hata kama inanuka pweza."

Gari lilipofika, dereva akapewa supu.

Mganga aliandika wilayani kuomba Hosea apewe mkataba, na mpaka leo jibu liko njiani. Lakini kesho yake tu asubuhi, Zuwena akiwa bado palepale zahanati, amejilaza na mwanawe, Khadija wa jirani aliingia ameshika kiuno, akachungulia mlangoni.

"Yupo?"

"Nipo, Khadija, ila nimejifungua jana, si unaona?"

"Si wewe, sista. Yule kijana. Tumesikia hafoki."

Zuwena akafungua mdomo amfokee. Akaufunga. Akacheka mpaka mtoto akashtuka.

"Hosea!" akaita. "Mzazi wako huyu!"

"Na supu yangu?"

"Supu nnayo miye!" Bi Mwatumu akajibu kutoka getini, upawa mkononi, anawapimia watu pweza kiduchu kuliko Hosea mwenyewe.

Zuwena akageukia ukutani, akamvuta mwanawe kifuani, akalala usingizi mzito, saa mbili ya asubuhi, siku ya kazi.